Koloneli Akisimama, Shuka

Kadutu, Bukavu, tarehe 9 Machi 1958

Ndugu yangu Abbé Adalbert,

Nimefika salama, ingawa mgongo bado unanilaumu kwa vilima vyenu. Tangu tulipokaa benchi moja seminarini hujabadilika hata kidogo: mtu anakuuliza farasi wako anaumwa nini, nawe unamweleza shida za misheni nzima.

Sasa nisikilize. Daktari wa mifugo ninayemsaidia kazi amepokea maelezo yangu na amekubaliana nami. Ugonjwa wa farasi wako Koloneli uko moyoni. Moyo mzima unakwenda kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja, huyu akiinua, yule anashusha. Wake unakwenda kama watwangaji waliogombana: mapigo mawili ya haraka, kimya, moja zito, kimya tena. Akienda taratibu, damu inamtosha. Akikimbizwa mlimani haimtoshi, naye anaweza kuanguka na wewe mgongoni. Dawa ipo, na utacheka ukisikia inatoka wapi: kwenye maganda ya kinkina, mti wa kwinini, uleule alioupanda bwana wake wa kwanza kabla ya kurudi Ulaya na kukuachia mzigo huu. Lakini daktari anasema ni dawa kali, na kwa farasi wa umri wake inaweza kuusimamisha moyo badala ya kuutuliza. Kwa hiyo dawa yenu ni mwendo. Mtembeze, usimkimbize. Kila asubuhi, kabla ya kumtandika, weka vidole chini ya taya, pale mshipa unapopita juu ya mfupa. Mapigo hayatakuwa sawasawa kamwe, usitishike. Ila ukikuta yanakwenda mbio wakati yeye amesimama tu, mwache zizini.

Najua unavyomhitaji. Kwa goti lako lile, bila farasi, wagonjwa wa vilima vyote vya nyuma ya Nyantende watakufa bila padri.

Neno moja la mwisho. Ukipita kwa mama, usimwambie nimeuliza habari zake. Niambie tu yukoje. Alinifungia mlango siku niliyovua kanzu, na naambiwa majirani bado wanamwita mama wa padri, naye anaitika. Mke wangu Apolline amejifungua mtoto wa kike. Tumemwita Agathe, jina la mama. Hilo nalo usimwambie.

Ndugu yako,
Déogratias


Misheni, tarehe 27 Aprili 1958

Déo ndugu yangu,

Nimemwambia. Usikasirike, hukuniambia katika kitubio.

Alikuwa anamenya maharagwe mlangoni. Alikwenda nyuma ya nyumba, akarudi na majani ya viazi vitamu mkononi, akaanza kumlisha Koloneli na kuzungumza naye, kana kwamba mimi sipo. “Koloneli, umesikia? Iko mutoto kule Bukavu mwenye jina yangu, na hakuna mutu mwenye kuniletea yeye nimuone.” Kisha akanigeukia, akauliza kama mtoto ananyonya vizuri. Ndiyo habari za mama. Mlango alioufunga anausimamia kwa ndani, mkono juu ya kitasa, akisubiri abishiwe hodi.

Huyo farasi sasa ni wake kuliko wangu. Akimsikia anakohoa tu ndani ya nyumba, anasimama. Hata nikiwa nimebeba Ukaristi anasimama, mpaka naona haya. Unajua desturi yetu: nikipelekea mgonjwa Komunyo namfunga Koloneli kengele shingoni, watu wakiisikia wanapiga magoti kando ya njia, wanainamisha vichwa, na hakuna anayefungua kinywa. Mimi mwenyewe sisalimii mtu, macho yangu yako kifuani, kwenye kikasha. Basi mama yako yuko chini amepiga magoti, kichwa kimefunikwa kitambaa, mtakatifu kabisa, na mkono mmoja unasogeza majani ya viazi.

Lakini nina habari mbaya pia. Juzi alisimama katikati ya mwinuko, mbali na nyumba yoyote. Nikadhani ni ulafi umemzoeza vibaya. Nikampiga kisigino. Alikwenda hatua chache, akayumba, akaanguka kwa magoti ya mbele, nami nikapita juu ya shingo yake. Nilipoinuka alikuwa anatetemeka, jasho linamtoka kama ametolewa mtoni. Nifanye nini?

Adalbert


Kadutu, tarehe 11 Mei 1958

Abbé,

Ufanye nilichokuambia! Nilipofika kwenye kisigino chako nilitupa barua mezani, Apolline akadhani kuna msiba.

Nisikilize vizuri, maana sitaandika tena. Farasi mwenye moyo ule hana namna ya kukuambia amechoka ila kusimama. Ukimpiga, atakutii, na atakufa akikutii. Kwa hiyo usijadiliane naye. Usikae juu ukikisia kama ni ulafi au ukaidi au ni moyo. Koloneli akisimama, shuka. Weka vidole chini ya taya, mwache apumue, kisha umshike hatamu utembee mbele yake hadi mahali pa tambarare. Hata ukiwa umembeba Bwana. Hasa ukiwa umembeba Bwana, maana kuna mtu anakusubiri, na padri aliyevunjika shingo hamsaidii mgonjwa.

Kuhusu mama: yeye ndiye aliyefunga mlango. Akinitaka, Kadutu anaijua, kila siku makamyo yanapakia watu wa Nyantende hadi soko la Nyawera. Mimi sitakwenda kusimama uani kama mtu anayeomba chumvi.

Nashukuru kwa habari za maharagwe. Nimezisoma mara nyingi.

Déo


Misheni, tarehe 21 Septemba 1958

Déo,

Sheria yako imekuwa amri ya kumi na moja. Koloneli akisimama, nashuka, sisemi kitu. Napapasa taya, nasikia wale watwangaji wako wanagombana mle ndani, natembea mbele yake na goti langu linalia kuliko yeye. Watu wameanza kututania. Wanasema Koloneli amepata padri wa kumwongoza, na padri amepata cheo cha kushika kamba. Lakini hajaanguka tena, na tangu Mei hakuna mgonjwa hata mmoja aliyekufa kabla hatujafika.

Mama anakohoa kidogo, ni baridi ya mlimani tu. Wiki iliyopita aliniuliza ni kamyo ya nani inayofika karibu na Kadutu, halafu akasema alikuwa anauliza kwa ajili ya jirani. Dada yako Georgette alikuwa nyuma yake, akaniangalia.

Njoo Krismasi na mtoto. Huna haja ya kuomba msamaha. Simama tu uani, mtoto atalia, na mama hatavumilia.

Adalbert


Kadutu, tarehe 5 Oktoba 1958

Abbé,

Umeshinda. Tutakuja Krismasi. Nimemnunulia mama kitenge chenye rangi ya majani, Apolline ananicheka kwa sababu kila jioni nakikunjua na kukikunja tena.

Kwanza nina safari. Natumwa bonde la Ruzizi kuchanja ng'ombe, nitakaa Uvira hadi Desemba. Ukiwa na neno la haraka niandikie huko, kwenye ofisi ya mifugo.

Usimwambie mama kuhusu kitenge. Safari hii ni kweli, usimwambie.

Déo


Misheni, tarehe 12 Novemba 1958, jioni

Déo ndugu yangu,

Naandika viatu vikiwa bado na tope. Barua hii naituma nyumbani kwako Kadutu, si Uvira, kwa sababu nataka Apolline aifungue na kumsomea anayehusika.

Mama amekuja kwako!

Jana jioni Georgette alimtuma mtu kuniambia mama anapumua vibaya, niende na Ukaristi na mafuta. Sasa naweza kukuambia kwamba kile kikohozi kilikuwa kikubwa kuliko nilivyoandika. Aliniapisha nisikuambie. Alisema, “Akuje kwa mapenzi yake, asikuje kwa huruma ya ugonjwa.” Asubuhi nikaondoka na kengele shingoni mwa Koloneli, mvua inanyesha kama kawaida ya Novemba, ukungu umeshuka mpaka njiani. Nilikuwa na hofu, nakiri. Chini ya mikaratusi, pale kijito kinapokata njia, Koloneli akasimama. Pembeni kulikuwa na watu wamepiga magoti, majani ya ndizi vichwani kwa ajili ya mvua. Zamani ningempiga kisigino, kwa haraka niliyokuwa nayo. Nilikumbuka maneno yako. Nikashuka, nikaweka vidole: fujo tupu. Alikuwa anapiga kwato chini na kugeuza shingo, hataki kwenda. Nikambembeleza kwa mkono tu, bila neno, mpaka akakubali nimwongoze. Nilitembea mbele yake hadi juu kabisa, nikiomba mama anisubiri.

Nafika, mlango umefungwa, mafiga yamepoa! Jirani ananiambia ameamka asubuhi na nguvu, amesema hafi kabla hajamwona Agathe mdogo, wamembeba kwenye kipoyi, machela ya mabegani, kwenda kupanda kamyo. Nikajua wameshika njia ya chini, ya barabarani, ndiyo maana hatukukutana. Huko mjini mapadri hawakosekani, nanyi mko hatua chache kutoka kanisani.

Nilikaa kwenye kizingiti chake nikacheka peke yangu, kanzu imelowa. Mmekuwa mkingojeana kama watoto wanaocheza kujificha, na yeye ndiye aliyechoka kwanza. Mwambie mama kwamba Koloneli amemtafuta nyuma ya nyumba, akala majani ya viazi bila ruhusa.

Mbusu mtoto.

Adalbert


Bukavu, tarehe 14 Novemba 1958

Kwa Déogratias, ofisi ya mifugo, Uvira

Kaka Déo,

Ni miye Georgette. Mwalimu Camille ndiye anaandika, miye ninasema na ninalia, naye anaandika vile ninasema.

Mama alikufa. Tulimuzika jana hapa Bukavu, juu ya wewe uko mbali na mwili haingengoja. Apolline alifanya yote, yeye iko muke muzuri, nilikuwa sijue.

Ile asubuhi mama aliamuka na kusema, munibebe, ninaenda kwa Déo. Nikamuambia tungoje padri, nilimuita jana. Akasema tutakutana na yeye njiani. Tukamuweka mu kipoyi, tukamufunika na mukeka juu ya mvua. Pale ku mikaratusi tukasikia kengele. Tukashusha kipoyi chini mu majani, tukapiga magoti bote, tukasema asante Mungu, padri iko anakuja.

Farasi ikatuona, ikasimama. Padri akashuka. Kaka, alishuka kabisa, miguu chini, karibu yetu sawa mulango na kitanda. Nikasema mu moyo, sasa anakuja kwa mama. Akashika farasi ku taya, akaipapasa, akaipapasa. Halafu akaivuta, akapita. Farasi ilikuwa inakataa kupita. Yeye alipita.

Nilitaka kulalamika. Mama alinishika mukono chini ya mukeka, akasema, “Munyamaze, Bwana iko napita. Iko mutu mwenye kuumwa kunipita miye.” Utafungua kinywa namna gani mbele ya Bwana? Nikanyamaza. Bote tukanyamaza.

Mu kamyo alikuwa anauliza, tumefika? tumefika? Mbele ya kuingia mujini akaacha kuuliza. Kwako alifika, kaka. Alifika maiti. Hakupakwa mafuta. Apolline aliweka mutoto karibu yake kidogo, ndivyo walionana.

Miye kwa ule padri sirudi tena. Na ujumbe ya kifo sikumutumia.

Georgette


Uvira, tarehe 20 Novemba 1958

Bwana Padri,

Nimeandikiwa na dada yangu.

Mama yangu alikuwa amelala kwenye kipoyi kando ya njia yako, chini ya mikaratusi. Alikuita jana yake. Ulishuka mbele yake ukiwa na Ukaristi kifuani na mafuta mfukoni, ukampapasa farasi taya, ukapita. Alikufa bila sakramenti, mwanamke aliyemtolea Kanisa mwanawe na kumkataa mwanawe huyo kwa ajili ya Kanisa.

Nilikufundisha kumtunza mnyama. Sikujua utalijifunza somo hilo vizuri hivyo.

Usinijibu.

Déogratias


Misheni, tarehe 29 Novemba 1958

Déo,

Umesema nisikujibu. Nisamehe, najibu mara moja hii.

Sikujua. Kabla ya barua yako sikujua hata kwamba amekufa. Siku zote hizi nimekuwa nikimwona nyumbani kwako, mtoto mapajani, na nilikuwa nafurahi. Nilikuwa nafurahi, Déo, siku mnayomzika.

Sikuinua macho. Niliona magoti na majani ya ndizi, kama ninavyoyaona kila njia, kila mvua. Nilidhani ni moyo wa Koloneli. Niliuhisi kwa vidole vyangu, ukigombana, nikasema ni huo. Lakini moyo ule haujatulia siku hata moja, na wewe ulishaniambia. Ningeweka vidole siku yoyote ningehisi fujo ileile.

Nimekwenda pale kwenye mikaratusi. Alama ya kipoyi bado ipo katika majani. Kutoka pale nilipoweka miguu hadi pale alipolala, angenyoosha mkono angeshika kanzu yangu. Hakuunyoosha kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha wasinisumbue. Nimeadhimisha misa kwa ajili yake na sikuweza kulitaja jina lake, katekista Lucien alinimalizia.

Nimwombe nani msamaha? Georgette haji. Wewe hutaki. Yeye hayupo.

Koloneli simpandi tena. Kila nikimwona namwona akigeuza shingo. Tafadhali mwambie daktari wako amtume mtu mwenye bunduki, afanye haraka, bila maumivu. Nitakwenda kwa miguu nitakakofika.

Adalbert


Kadutu, Bukavu, tarehe 14 Desemba 1958

Adalbert,

Nimerudi nyumbani. Apolline alikuwa ameweka barua yako ya tarehe 12 Novemba chini ya taa, haijafunguliwa. Siku ile ilipofika nyumba ilikuwa imejaa waombolezaji, na baadaye aliogopa kuisoma peke yake. Tuliifungua pamoja. Tulisoma mpaka pale unapocheka kizingitini, tukashindwa kuendelea. Apolline alitoka nje na mtoto. Mimi nilibaki, nikalia kama sijalia tangu utotoni, kwa ajili ya mama na kwa ajili yako uliyekaa mlangoni kwake na kanzu imelowa.

Barua yangu ya Uvira ichome. Nina hasira bado, sitakudanganya, inakuja usiku na mchana. Lakini nikiifuata inakotoka, inanirudisha kwenye mkono wangu mwenyewe. Ni nani aliyekuandikia usikae ukikisia? Nilikuambia kila kusimama kwake kuna sababu moja tu. Nilikukaripia kwa hilo, na uliniamini, kwa sababu umeniamini siku zote, hata nilipovua kanzu na wengine wote wakanipa mgongo. Na mama nilimwacha angoje miezi yote ile kwa kuwa sikutaka kusimama uani. Kati yetu sote tuliomwacha pale njiani, wewe ndiye uliyemwacha bila kujua.

Georgette nimemsomea barua zako zote mbili. Mwishoni akauliza, “Alicheka? Kweli alicheka juu mama anakuja kwa Déo?” Nikamwambia ndiyo. Hajasema amekusamehe, ila ameacha kusema harudi.

Mtu mwenye bunduki simtumi. Sikiliza, Adalbert. Asubuhi ile njiani kulikuwa na padri, na dada yangu, na wabeba kipoyi, na Bwana mwenyewe anapita, na sisi wote tuliojifunza tulinyamaza kama tulivyofundishwa. Koloneli peke yake ndiye aliyemtambua mama chini ya mkeka. Alisimama kumsalimu. Siwezi kumuua kwa hilo.

Krismasi tunakuja, kama tulivyosema. Kitenge nitampa Georgette. Agathe ameanza kushika vitu, nitampa majani ya viazi ya nyuma ya nyumba, na wewe utamleta Koloneli mpaka mlangoni, ale.

Mpande tena, wagonjwa wanakungoja. Mwendo ni uleule, vidole chini ya taya kila asubuhi, asikimbizwe mlimani. Akisimama, shuka, hilo silibadilishi. Lakini ukishashuka, kabla hujamgusa, inua macho utazame ni nani aliye kando ya njia.

Ndugu yako,
Déo